Kutoka kambi ya Lindi hadi jani la tumbaku

Mwaka 1956, Kisangani ikiwa bado Stanleyville, Wabelgiji walifungua kambi ya sokwe kando ya mto Lindi, nje kidogo ya mji. Sokwe walikamatwa kwa mamia katika misitu ya jirani, wakafungiwa vizimbani na kutumiwa kupima chanjo mpya ya polio. Mwenye chanjo alikuwa Hilary Koprowski, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Marekani. Mwenyeji wake alikuwa Dk. Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya tiba ya Stanleyville. Baada ya sokwe ikaja zamu ya watu. Chanjo hiyo, iliyoitwa CHAT, ilitolewa Aketi mwaka 1957, kisha bonde la Ruzizi mwanzoni mwa 1958, kisha kwa watoto wa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Taarifa ambayo Courtois, Koprowski na wenzao waliitoa mwaka 1958 katika jarida la British Medical Journal ilihesabu watu zaidi ya 240,000 waliokwisha kumezeshwa dawa hiyo Kongo na Ruanda-Urundi.

Msomaji atauliza sokwe wa Lindi wanahusiana nini na dawa zinazovunwa kwenye majani. Jibu moja ni Koprowski mwenyewe. Miaka arobaini baadaye, akiwa mzee Philadelphia, alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliohangaika kuotesha chanjo ndani ya mboga. Mwaka 1999 yeye na wenzake wa Poland walitangaza kwamba watu watatu wamekula saladi iliyobadilishwa vinasaba ili ibebe protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B, na wawili kati yao miili yao ikajenga kinga. Mwaka 2002 wakaja na spinachi dhidi ya kichaa cha mbwa. Mwaka uliofuata wakaonyesha kingamwili za ugonjwa huohuo zilizotengenezwa ndani ya tumbaku. Koprowski alifariki Aprili 2013, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya dawa ya Ebola iliyotoka kwenye jani la jamii ya tumbaku kusikika duniani kote.

Jibu la pili, ambalo kwangu lina uzito zaidi, ni ruhusa. Ni nani anayesema dawa hii sasa iingie mwilini mwa watu hawa? Mwaka 1957 neno hilo lilikuwa la serikali ya kikoloni na madaktari wake. Wananchi waliitwa wakapanga foleni, wakafungua vinywa. Mwaka 2018, dawa ya protini iliyotengenezwa kwenye mmea ilipofika mashariki mwa Kongo, ilikuta kamati ya maadili, fomu ya ridhaa na bahati nasibu. Sayansi ya jani imekwenda mbali katika miaka hiyo sitini, lakini naona safari ya ruhusa imekuwa ndefu zaidi.

Ruhusa isiyoombwa huacha deni, na Kisangani inalijua. Mwaka 1999 mwandishi Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu, The River, akidai kwamba CHAT ilitengenezwa kwa figo za sokwe wa Lindi na kwamba ndiyo iliyoleta UKIMWI duniani. Mwanzoni mwa mwaka 2000, mji ukiwa mikononi mwa waasi na majeshi ya kigeni, mwanabiolojia William Hamilton na kijana Michael Worobey walikuja Kisangani kutafuta mkojo na kinyesi cha sokwe msituni. Hamilton alirudi London akiwa na malaria na akafariki Machi mwaka huohuo. Worobey aliendelea. Mwaka 2004 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature: virusi vya sokwe wa pande za Kisangani ni tawi jingine kabisa, havikuzaa VVU vilivyoenea kwa binadamu. Mabaki ya chanjo yaliyohifadhiwa nayo yalipopimwa hayakuonyesha dalili ya sokwe, yalionyesha seli za nyani wa kawaida. Nadharia ikafa maabara. Mitaani ni hadithi nyingine: mtu ambaye babu yake hakuulizwa kitu hutahitaji kazi kubwa kumshawishi kwamba alifichwa kitu.

Sasa turudi kwenye mimea. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Protini ni kazi ya jeni. Seli ikipewa jeni itafuata maagizo, iwe seli ya bakteria, ya mnyama au ya jani. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha habari ya kingamwili kamili zilizotengenezwa ndani ya mmea wa tumbaku. Matenki ya chuma ya kukuzia seli za wanyama ni ghali, mmea unataka maji, mbolea na mwanga. Ikaonekana kwamba nchi maskini zitaweza kulima dawa zake zenyewe.

Aliyelishika wazo hilo kwa shauku kuliko wote ni Charles Arntzen, aliyeanza kuzungumzia ndizi zenye chanjo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtoto anakula ndizi, amekwisha chanjwa. Hakuna sindano, hakuna friji. Ukilisoma wazo hilo ukiwa Tshopo, mkoa wa Kisangani, utatabasamu. Kilomita mia hivi magharibi mwa Kisangani, kwa kushuka mto, iko Yangambi, ambako Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya kilimo, INEAC, mwaka 1933. Leo ni INERA. Ndizi inayoitwa Yangambi Km 5 inajulikana na wazalishaji wa mbegu dunia nzima kwa ukaidi wake mbele ya ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Kwa maneno mengine, kama dunia ingeamua kweli kuotesha chanjo ndani ya ndizi, mahali pa kuanzia palikuwa hapa.

Lakini makemba ya Kisangani, ndizi za kupika, huchemshwa na kutwangwa kuwa lituma, na protini haivumilii sufuria. Hata kwa ndizi mbivu kulikuwa na tatizo ambalo lingemshinda mfamasia yeyote: kipimo. Ndizi moja ina protini nyingi, ya pili kwenye chane hilohilo ina kidogo. Utampa mtoto ngapi? Na zile zilizobaki sokoni, nani atazitenganisha na ndizi za chakula? Arntzen na wenzake walifaulu kujaribu kwa watu viazi vibichi vilivyobadilishwa, matokeo yakatoka mwaka 1998, na miili ya waliovila ilijibu vizuri. Lakini ndizi yenye chanjo haikufika kwenye kitanda cha mgonjwa yeyote.

Hofu ya dawa kuingia kwenye chakula haikuwa ya kubuni. Mwaka 2001 kampuni ya ProdiGene ya Texas ilipanda mahindi yenye protini ya chanjo ya nguruwe. Msimu uliofuata, Nebraska, mahindi yakajiotea katikati ya shamba la soya, yakavunwa pamoja na soya hiyo, ikabidi soya ya ghala zima iharibiwe. Kampuni ilitozwa faini ya dola 250,000 pamoja na gharama za usafishaji. Tangu hapo wasimamizi wa Marekani walibana masharti, na wenye akili wakahama: wakaacha mazao ya chakula, wakaacha shamba la wazi, wakaingia ndani. Dawa ya kwanza ya protini kutoka kwenye seli za mmea kuruhusiwa kwa binadamu, Elelyso ya ugonjwa wa Gaucher, iliyopata kibali Marekani Mei 2012, ilitengenezwa na kampuni ya Protalix ya Israel kwa seli za karoti zilizokuzwa ndani ya mifuko. Haina udongo, haina chavua, haina ndege wa kudokoa mbegu.

Njia ya pili ya kuingia ndani ndiyo iliyotuletea ZMapp, dawa ile ya Ebola. Mmea wake ni Nicotiana benthamiana, ndugu mdogo wa tumbaku mwenye asili ya Australia, dhaifu sana mbele ya virusi na kwa sababu hiyohiyo kipenzi cha maabara. Huko Owensboro, Kentucky, kiwanda cha Kentucky BioProcessing kilikuza miche hiyo ndani ya mabanda kwa wiki kadhaa. Kisha miche hupinduliwa kichwa chini, majani yakazamishwa kwenye maji yenye bakteria aina ya Agrobacterium waliopewa jeni za kingamwili. Hewa hufyonzwa kutoka kwenye chombo. Inaporudishwa, maji huingia kwa nguvu ndani ya jani. Bakteria hao wana tabia ya asili ya kupenyeza jeni zao kwenye seli za mimea, na hapo ndipo jani linapoanza kazi isiyo yake. Baada ya wiki moja hivi majani hukatwa, husagwa, na kingamwili huchujwa kutoka kwenye maji yake. Miche yenyewe ilikuwa ya uzao uliobadilishwa mapema ili isibandike kwenye protini zile sukari za kimmea ambazo mwili wa binadamu hauzijui. Lakini jeni za dawa hazikuingia kwenye mbegu. Zilikufa na jani.

Kingamwili zilikuwa tatu, zilizochaguliwa kutoka mikusanyo miwili, mmoja wa Wamarekani na mwingine wa maabara ya taifa ya Kanada huko Winnipeg. Kampuni ndogo ya San Diego, Mapp Biopharmaceutical, ndiyo iliyoziunganisha. Agosti 2014 jarida la Nature lilichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: nyani 18 walioambukizwa Ebola walipona wote, hata wale walioanza kutibiwa siku ya tano.

Kufikia wakati huo dawa ilikuwa tayari imewafikia watu, bila kungoja jarida. Dozi chache zilikuwa Kailahun, Sierra Leone, wakati Dk. Sheik Umar Khan, bingwa wa homa za kutokwa damu nchini mwake, alipougua. Madaktari waliomtibu walijadiliana na kuamua wasimpe. Alifariki tarehe 29 Julai 2014. Siku hizohizo Wamarekani wawili waliougua Liberia, Kent Brantly na Nancy Writebol, walipewa ZMapp, wakasafirishwa hadi Atlanta na kupona. Sidhani waliokataa kumpa Khan walikuwa na nia mbaya. Dawa haikuwa imejaribiwa kwa mtu hata mmoja, na kumfanya daktari Mwafrika wa kwanza kuijaribu kulibeba kumbukumbu zilezile za Lindi. Lakini tokeo lilionekana kwa macho ya kila mtu Freetown na Monrovia. Katikati ya Agosti jopo la maadili la Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba ni halali kutumia dawa zisizothibitishwa katika mlipuko ule wa Afrika Magharibi, kwa masharti. Wakati huo dozi zilikuwa zimekwisha. Watu saba tu walizipata, wawili wakafa.

Jaribio la kwanza la ZMapp lenye mpango, lililofanyika Liberia, Sierra Leone, Guinea na Marekani, lilikosa wagonjwa kwa sababu nzuri: mlipuko ulikuwa unaisha. Waliohesabiwa ni 71. Waliopata huduma ya kawaida walikufa 13 kati ya 35. Waliopata huduma hiyo pamoja na ZMapp walikufa 8 kati ya 36. Namba zinapendeza, hazitoshi. Takwimu zilikataa kusema ndiyo.

Ndiyo maana swali lilihamia Kongo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, Mangina na Beni. Kisangani haikupata mgonjwa, lakini ilihesabu siku: barabara ya taifa namba 4 inatoka Beni, inapita Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende hadi hapa, na wafanyabiashara wa Butembo wamejaa kwenye soko letu. Mwaka mmoja kabla, Ebola ilikuwa imezuka Likati, Bas-Uélé, kaskazini mwetu, ikaua watu wanne na kuzimika haraka.

Safari hii madaktari wa Kongo walikuwa na dawa tano mkononi, zote zikiwa bado za majaribio. Kamati ya maadili ya Chuo Kikuu cha Kinshasa ilikwisha kuzipitia kwa matumizi ya dharura yanayofuatiliwa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, mtu aliyefika Yambuku mwaka 1976 ugonjwa ukiwa hauna hata jina, alisisitiza kwamba kugawa dawa kwa huruma hakutoshi. Lazima ijulikane ipi inaponya. Tarehe 20 Novemba 2018 jaribio likaanza, likiitwa kwa Kiswahili Pamoja Tulinde Maisha. Kamati ya maadili ya Kinshasa na ile ya taasisi ya Marekani ya magonjwa ya kuambukiza ziliidhinisha utaratibu mmoja: kila mgonjwa aliyekubali, au ndugu aliyemsemea, angepangiwa dawa kwa bahati nasibu.

Hakukuwa na kundi la kunyimwa. Kila mtu alipata kitu, na kile kilichokuwa kipimo cha wengine ni ZMapp, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na ushahidi wa jaribio la bahati nasibu kwa binadamu, hata kama ulikuwa hafifu. Dawa ya jani ikawa kamba ambayo nyingine tatu zilipimwa urefu wake: remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Ya tano, favipiravir, iliachwa nje ya jaribio.

Habari ya mAb114 inastahili kusimuliwa polepole. Mwaka 1995 Ebola ilipoua watu Kikwit, Muyembe na wenzake walichukua damu ya waliopona wakawatia wagonjwa wanane, saba waliishi. Wageni walikosoa, wakisema wale walikuwa wameanza kupona wenyewe, na pengine walikuwa na haki kwa kiasi fulani. Lakini miaka 11 baada ya mlipuko huo, mmoja wa walionusurika alitoa damu tena, na ndani yake watafiti wa Marekani wakishirikiana na INRB wakapata seli iliyokuwa bado inakumbuka adui. Kingamwili ya seli hiyo ndiyo mAb114. Haioteshwi kwenye majani. Hutengenezwa katika matenki, kwa seli za ovari za hamsta wa China, mtindo ambao viwanda vya dawa vimeuzoea kwa miongo.

Kazi yenyewe Beni, Butembo, Katwa na Mangina haikuwa ya maabara tulivu. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Aprili, Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi Butembo. Watu wengi waliamini Ebola ni biashara, ni siasa, ni hila ya uchaguzi. Hata hivyo wagonjwa 681 waliandikishwa. Ukinionyesha jaribio jingine la dawa lililofanyika chini ya moto wa namna ile, nitakushukuru.

Agosti 2019 jopo huru lililokuwa likiangalia namba lilisimamisha jaribio kabla ya wakati, kwa sababu washindi wamekwisha kujulikana. Hesabu ya mwisho, iliyochapishwa Novemba: kati ya waliopewa ZMapp walikufa 49.7%, wa remdesivir 53.1%, wa mAb114 35.1%, wa REGN-EB3 33.5%. Kwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, mAb114 ilipoteza mmoja kati ya kumi hivi. ZMapp ilipoteza karibu mmoja kati ya wanne.

Je, jani ndilo lililoshindwa? Wapo waliolisema hilo haraka mno. Jaribio halikulinganisha mmea na hamsta. Lililinganisha kingamwili tofauti, zinazoshika virusi mahali tofauti, kwa ratiba tofauti. ZMapp ilitiwa kwa dripu mara tatu, siku tatu zikipita kati ya dozi, gramu 2.5 kila mara kwa mtu wa kilo 50. Washindi wote wawili waliingia mwilini mara moja tu, wakamaliza kazi. Kwa ugonjwa unaoua ndani ya siku chache, mgonjwa wa dozi ya tatu mara nyingi ni yule ambaye angeishi hata hivyo. Isitoshe, huko Beijing kampuni ya MabWorks ilikuwa imeshatengeneza mchanganyiko wa aina ya ZMapp, MIL77, kwa seli za hamsta, kwa hiyo mchanganyiko ule haukuhitaji jani. Ulioshindwa Beni ni mchanganyiko, si mmea ulioupika.

Upande wa sheria kuna jambo ambalo wanasiasa wetu hulichanganya. Mijadala ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba katika ukanda huu, Nairobi au Kampala, ni ya mbegu: itaota wapi, chavua itaruka hadi shamba la nani. Protokali ya Cartagena, iliyopitishwa mwaka 2000 na ambayo Kongo ni mwanachama wake, inahusu viumbe vilivyo hai. Kichupa cha ZMapp kilichoingia Beni hakikuwa na seli hai hata moja. Hakikuwa mmea tena, kilikuwa protini iliyosafishwa, na mlango wake wa kuingilia ulikuwa ule wa dawa: ofisi ya famasia ya wizara ya Afya, ambayo kazi yake leo iko chini ya mamlaka ya ACOREP, pamoja na kamati ya maadili. Suala la mbegu lingezuka siku ambayo mtu angetaka kuotesha majani hayo hapa, Yangambi kwa mfano. Hapo ofisi mbili zisizozoeana zingelazimika kukaa meza moja, ya dawa na ya kilimo, na sijaona dalili kwamba zimejiandaa.

Na majani yenyewe yamepatwa na tatizo lisilohusu sayansi. Kiwanda cha Owensboro kiliingia mikononi mwa kampuni za sigara. Kanada nayo ilikuwa na Medicago, iliyotengeneza chanjo ya UVIKO-19 ndani ya N. benthamiana na kupata kibali cha Ottawa Februari 2022. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuitambua kwa kuwa kampuni ya sigara ya Philip Morris ilikuwa na hisa ndani yake. Mwaka mmoja baadaye wenye kampuni, Mitsubishi wa Japani, wakaifunga. Kanuni ya kutoshirikiana na wauza sigara naielewa. Naona pia kwamba baadhi ya waliotia fedha kwenye mmea huu ni walewale waliokuwa na biashara ya tumbaku na sababu ya kutafuta jina jema.

REGN-EB3 ilipata kibali cha Marekani Oktoba 2020 kwa jina la Inmazeb, na mAb114 Desemba mwaka huo, ikiitwa Ebanga. Agosti 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulipendekeza hizo mbili na kusema wazi kwamba ZMapp na remdesivir zisitumike kwa Ebola. Haki za Ebanga, iliyotoka kwenye damu ya Mkongo wa Kikwit, zilitolewa kwa Ridgeback Biotherapeutics ya Miami, na Inmazeb ilinunuliwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya ghala lake la dharura. Septemba 2025, Ebola ilipotangazwa Bulape, Kasai, dawa iliyopelekwa vituoni ilikuwa mAb114.